Koko anasahau njia, si mchawi

Wamama wapenzi, wiki hii tunasema juu ya wakoko wetu. Hapa kwetu Kivu ya Kusini, mtoto akifa au radi ikipiga, watu wanakimbilia kwa mtabiri, na mara nyingi kidole kinamwangukia mama mzee, zaidi mjane asiye na watoto karibu. Kuna waliouawa hivyo.

Tuangalie hizo wanazoita alama. Macho mekundu? Ni moshi wa kuni na makala, miaka na miaka jikoni. Kutembea usiku, kusema peke yake, kusahau jina la mjukuu? Mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo unaokuja na uzee, au homa iliyojificha. Hata wazee wa kiume matajiri wanaupata, lakini wao hakuna anayewaita wachawi!

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa. Maneno yakianza kwenye avenyu, tusingojee usiku: koko alale kwa mmoja wetu, wengine wamjulishe chifu. Asubuhi tumpeleke kituo cha afya. Na siku ya likelemba, akae katikati yetu, watu wamuone.