Kabla ya kulipia mafunzo ya kufuli au ulinzi, uliza cheti ni cha nani

KILA matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, matangazo ya mafunzo ya muda mfupi huongezeka katika vituo vya matatu na mitaa ya biashara mijini Bungoma na Kitale.

Miongoni mwayo hayakosi yale yanayoahidi kumfanya kijana fundi wa kufuli, mtaalamu wa kamera za usalama au mlinzi kwa majuma mawili tu, tena akiwa na uhakika wa kazi siku anayohitimu.

Kwa mzazi wa Chwele au Kiminini aliyeuza magunia ya mahindi au ng'ombe ili apate karo, kukosea katika uchaguzi huo si hasara ya fedha pekee. Kijana hupoteza muda, na mahindi yaliyouzwa hayarudi ghalani.

Haja ya ujuzi wenyewe ni ya kweli. Miji inapanuka, nyumba za kupanga zinaongezeka na kila duka linahitaji kitasa, king'ora au mlinzi. Ni kwa sababu hiyo matapeli wameivamia fani hii, kwani uongo huuzika haraka unapopachikwa juu ya jambo la kweli.

Swali la kwanza ambalo mzazi au kijana anapaswa kuuliza, kabla hata ya kutajiwa karo, ni hili: cheti kitakachotolewa ni cha nani? Cheti chenye thamani kina taasisi inayokitambua, na ambayo mwajiri anaweza kuiuliza. Kisicho na taasisi ya namna hiyo ni karatasi iliyopigwa chapa vizuri.

Nchini Kenya, vyuo vya ufundi husajiliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Orodha ya vyuo hivyo hupatikana katika tovuti ya mamlaka hiyo.

Anayeisoma alinganishe jina la chuo herufi kwa herufi, kwa kuwa walaghai hupenda majina yanayokaribiana na ya vyuo vinavyojulikana. Aulize pia iwapo kozi anayoitaka imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kufunza ushonaji kisha kikajitangaza kuwa kinafunza pia ulinzi.

Wengi hunaswa hapa kwa kuonyeshwa leseni ya biashara ya kaunti, au cheti cha kusajili jina la biashara, vikiwa vimetundikwa ukutani. Stakabadhi hizo huonyesha tu kwamba mtu anaruhusiwa kufanya biashara. Hazimpi mamlaka ya kufunza wala ya kutoa vyeti vya ufundi.

Asasi ya pili ni Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo hutahini mafundi kwa madaraja matatu: la tatu ndilo la kuanzia na la kwanza ndilo la juu. Faida ya mtihani huu ni kwamba hata fundi wa jua kali aliyejifunzia kazini anaweza kuufanya, mradi ajiandikishe katika fani iliyo kwenye orodha ya mamlaka hiyo. Useremala, uchomeleaji na umeme ni miongoni mwa fani hizo.

Kuhusu walinzi, sheria ni kali zaidi. Sheria ya Kudhibiti Huduma za Kibinafsi za Ulinzi ya mwaka wa 2016 iliunda mamlaka maalumu, PSRA, ya kusajili kampuni za ulinzi pamoja na walinzi wenyewe. Anayetaka kusajiliwa kuwa mlinzi sharti awe raia aliyetimiza umri wa miaka 18 na aliyepata mafunzo yanayotambuliwa na mamlaka hiyo.

Kwa hivyo, kijana anayelipia gwaride la siku kumi uwanjani, kisha akakabidhiwa cheti kisichotambuliwa na PSRA, atalazimika kulipia mafunzo upya. Cheti cha tabia njema nacho hutolewa na polisi, na alama za vidole huweza kuchukuliwa katika vituo vya Huduma, vikiwemo vya Bungoma na Kitale. Chuo kinachodai kukitoa chenyewe kinadanganya.

Ufundi wa kufuli una ugumu wake. Mafundi wengi wanaochonga funguo kando ya barabara hawakupitia darasani, bali walijifunza kwa kukaa na fundi mwingine. Hilo si kasoro, lakini linampasa anayelipia mafunzo ajue cha kudai.

Ndani ya vitasa vingi vya milango ya mbao mna vibao vyembamba vya chuma ambavyo ufunguo huviinua hadi kimo maalumu, ndipo ulimi wa kitasa usogee. Kufuli nyingi na vitasa vya silinda hutumia pini na springi, mtindo ulioimarishwa na Mmarekani Linus Yale Mdogo, aliyepewa hataza mwaka wa 1861. Magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990 yana funguo zenye chipu inayotambuliwa na kompyuta ya gari.

Anayeahidi kufunza haya yote kwa siku tano anauza mbuzi kwenye gunia. Kunakili ufunguo kwa mashine hujifunzwa upesi. Kuchonga ufunguo wa kitasa ambacho funguo zake zote zimepotea, kubadilisha pini, au kufungua mlango bila kuubomoa ni kazi za mazoezi ya miezi mingi.

Kabla ya kulipa, mwanafunzi aombe kuingia karakana. Ahesabu vitasa vya kufanyia mazoezi, aulize ni wanafunzi wangapi wanaotumia mashine moja, na azungumze na waliohitimu bila mwalimu kuwepo. Chuo chenye kompyuta moja na viti vingi, bila tupa wala jiliwa, hakifunzi ufundi wa kufuli.

Kwa wengi, njia ya uhakika ni kusomea kwanza fani pana yenye mtihani unaotambuliwa, kisha kuongeza ujuzi wa kufuli kwa fundi mzoefu. Useremala hufunza kutoboa na kutia vitasa, uchomeleaji hufunza milango ya chuma, nao umeme humwandaa anayetaka kuweka kamera na ving'ora.

Eneo hili halina uhaba wa vyuo vya umma vya kuanzia. Kitale kuna taasisi ya kitaifa ya ufundi, na katika Kaunti ya Bungoma kuna vyuo vya Sang'alo, Kisiwa na Matili, mbali na vituo vya mafunzo vya kaunti. Mwombaji apate orodha ya kozi na karo katika ofisi ya chuo chenyewe, si kwa wakala anayemsubiri langoni.

Anayejifunza kwa fundi naye asiridhike na maneno matupu. Waandikiane muda wa mafunzo, ada, kazi zitakazofunzwa, mwenye kununua vifaa, na iwapo mwanafunzi atapata chochote kutokana na kazi anazozifanya. Mzee wa mtaa au mzazi aweza kuwa shahidi.

Vyeti vya ng'ambo vinavyouzwa kupitia intaneti navyo vimewapumbaza wengi. Uingereza, kwa mfano, serikali haitoi leseni ya ufundi wa kufuli. Hivyo, tangazo linaloahidi leseni ya serikali ya nchi hiyo linajifichua lenyewe.

Dalili nyingine za utapeli ni kuharakishwa kulipa leo kabla nafasi hazijaisha, kutakiwa kutuma fedha kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, na kudaiwa ada ya sare au ya "faili" kabla ya masomo. Haraka haraka haina baraka, na chuo halali hutoa risiti yenye jina lake.

Ahadi ya kazi ya ulinzi katika nchi za Ghuba ichunguzwe zaidi. Mawakala wa ajira za nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na jina lisilo katika orodha yake halistahili kupewa pasipoti wala pesa.

Aliyekwisha kutapeliwa asinyamaze kwa aibu. Ahifadhi jumbe za simu, risiti na tangazo lenyewe, kisha apige ripoti katika kituo cha polisi. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. TVETA nayo iarifiwe ili wengine wasinaswe.

Kuna kipimo kimoja zaidi cha mwalimu wa kufuli. Je, anawafunza wanafunzi wake kukataa kazi? Fundi mwema hafungui mlango wala gari kabla ya kuona kitambulisho na kuridhika kwamba anayemwita ndiye mwenyewe, tena huweka kumbukumbu za kazi aliyoifanya.

Hili lina uzito wa kisheria pia, kwa kuwa anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali anaweza kushtakiwa. Mwalimu asiyelitaja hilo anamfunza kijana nusu ya kazi na kumwachia hatari yote.

Mteja anayemkabidhi fundi ufunguo wa nyumba yake humkabidhi pia usalama wa watoto wake. Ndiyo maana cheti chenye mwenyewe, pamoja na jina jema mtaani, ni mtaji wa kijana kabla hata hajanunua mashine ya kuchonga funguo.