Kitabu cha Kidijitali: Ni Mali Yenu ama Mmeruhusiwa Tu?

Kikundi kikipata akiba kidogo ya kununua vitabu, swali huja upesi: tununue vya karatasi, ama tununue tableti moja yenye vitabu ndani? Kabla mweka hazina hajatoa pesa, yafaa wanachama wote waelewe tofauti.

Kitabu cha karatasi ukishalipa ni chako, kama jembe. Unaweza kumwazima jirani, kumwachia mtoto, hata kukiuza. Mwenye duka hana neno tena. Wala hakihitaji stima. Mwaka 1996 shirika la maktaba za taifa lilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, na vitabu vya namna hiyo husomwa chini ya mti bila waya wala betri.

Kitabu cha kidijitali si hivyo. Mara nyingi unacholipia si kitabu chenyewe, bali ni ruhusa ya kukisoma. Ruhusa hiyo ina masharti marefu, na wengi wetu tunabonyeza "nakubali" bila kuyasoma.

Je, shida iko wapi? Sikizeni yaliyotokea Marekani. Mwezi wa Julai 2009, kampuni ya Amazon ilitambua kwamba vitabu viwili vya George Orwell vimeuzwa katika duka lake la mtandao na mtu asiye na haki ya kuviuza. Kimoja ni kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Amazon ilivifuta kutoka kwa vifaa vya wasomaji waliokuwa wamekwisha kulipa. Pesa zilirudishwa na mkuu wa kampuni akaomba msamaha, lakini vitabu vilikuwa vimekwenda. Tena mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wanunuzi walirudishiwa pesa, lakini vitabu vyao havikufunguka tena. Kitabu cha karatasi hakuna mwenye duka atakayekuja kukichukua kabatini mwako.

Hatusemi tableti ni mbaya. Hapana! Moja hubeba vitabu mamia. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu anaweza kukuza herufi. Mchwa hawaili. Lakini kumbukeni: watu 15 wenye vitabu 15 wanasoma wote saa ile ile, ila kwa tableti moja mmoja anasoma na 14 wanangoja. Na kioo kikivunjika, maktaba yote imefungwa siku hiyo.

Kuna njia ya katikati. Vipo vitabu vya kidijitali vinavyotolewa bure, na wenyewe wamekubali watu wavinakili. Mfano ni African Storybook, wenye hadithi za watoto kwa Kiswahili, Kikamba, Kiturkana na lugha nyingine nyingi za Afrika. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitafsiri, kuzichapisha na kuzigawa. Basi mwanachama mmoja aende mjini kwenye kompyuta, achapishe kurasa, nanyi mzishone kwa sindano na uzi. Mtakuwa na kitabu cha karatasi, tena halali.

Kabla ya kununua, ulizeni:

1. Tukilipa, kitabu ni chetu kabisa ama ni cha muda?
2. Kitafunguka pasipo intaneti?
3. Tunaweza kukiazimisha, ama kukihamishia simu nyingine?
4. Tutachaji wapi, na nani atalipa?
5. Duka hilo likifungwa, tutabaki na nini mkononi?

Muuzaji akishindwa kujibu la kwanza na la tano, msifanye haraka. Jadilianeni mkutanoni, katibu aandike majibu, ndipo mkate shauri. Pesa ni za wanachama wote, na vitabu navyo viwe vya wote.