Super 8 kwenda dijitali: usinunue pikseli zisizo na picha

Fremu ya Super 8, filamu ambayo Kodak waliitoa mwaka 1965, ina upana wa milimita 5.8 hivi: ndogo kuliko punje ya hindi. Harusi nzima imo katika fremu kama hizo. Ambacho hakikuingia siku ile, hakuna mashine itakayokileta leo. Swali ni ulipie nini.

Projekta na simu. Ni bure ukiwa na projekta. Lakini filamu hukimbia fremu 18 kwa sekunde na simu hurekodi 30, kwa hiyo picha hupepesa. Tena mkanda uliokauka unaweza kukatika.

Mashine ya nyumbani. Ni kama dola 300 hadi 500. Hupiga fremu mojamoja, kupepesa kukaisha. Kasoro yake ni kulibana faili mno: penye vivuli utaona miraba miraba. Inafaa mwenye mikanda mingi na subira.

Maabara. Aghalabu hutoza kwa futi, na futi 50 ni dakika 3 na sekunde 20 tu. Hapo ndipo utashawishiwa kuchukua skani ya 4K badala ya 2K. Kwa Super 8, 2K yatosha. 4K ina pikseli mara 4 ya hizo, na nyingi zitakuza chembechembe za filamu tu. Kwa milimita 16, ambayo fremu yake ina upana wa milimita 10 hivi, 4K ina maana zaidi.

Penye tofauti hasa ni mwanga. Filamu ya rangi ya Kodachrome ina weusi mzito na weupe mkali. Bwana harusi akisimama juani saa sita mchana, skana dhaifu itaunguza kanzu au itauzamisha uso gizani. Uliza kama kila fremu hupigwa kwa viwango viwili vya mwanga na kuunganishwa.

Kuhusu rangi, Kodachrome iliyotunzwa gizani hudumu vizuri. Filamu nyingine nyingi za zamani hugeuka nyekundu kwa kuchujuka. Fundi atasawazisha, ila rangi iliyokwisha kutoweka ataikisia tu.

Mkanda unaonuka siki unaoza, utangulize huo.

Ushauri wetu: peleka mkanda mmoja wa majaribio, chukua 2K yenye upana mzuri wa mwanga, na udai faili lisilobanwa sana pamoja na MP4 ya kutazamia. Utakachookoa kwa kuacha 4K, nunulia diski ya pili ya akiba.