Paka wa Manyoya Marefu ni Amana

Mtume Muhammad (S.A.W.) ametufahamisha kuwa mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi anayefuga paka wa manyoya marefu na ajue kuwa amechukua amana, na amana hii haiishii kwenye chakula.

Manyoya hayo yasipochanwa husokotana yakawa mafundo nyuma ya masikio, makwapani, tumboni na mapajani. Fundo huvuta ngozi kila paka atembeapo, likamtia maumivu. Tunawanasihi akina mama wasilikate kwa mkasi: ngozi ya paka ni nyembamba, huinuka pamoja na fundo, na hukatika upesi. Wala asioshwe kwanza, kwani maji hulikaza. Lishikeni shinani, mlifumue kwa vidole, kisha kwa kitana cha meno mapana, kidogo kidogo, kuanzia nchani. Likishindikana, daktari wa mifugo atalinyoa.

Tabia nazo zina sababu. Paka anayejificha, anayejilamba hata akatoka upara, au anayekojoa nje ya mahali pake, si mkaidi. Huenda ana hofu au ugonjwa. Kuhama nyumba, wageni wengi, mtoto mchanga au paka mwingine humtia wasiwasi. Mpeni pahala patulivu na chakula kwa nyakati zilezile, watoto wasimburure. Dume akijikamua bila kutoa mkojo, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, maana kuziba huko huua.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe Vyake. Amin.