Leso Niliyochelewa Kuisoma

Wahenga walisema tembea uone. Walichotuachia tukigundue wenyewe ni kwamba mtu anaweza kutembea mbali, akapanda ndege na kuvuka bahari, kumbe kile alichostahili kukiona amekifunga mwenyewe ndani ya sanduku lake. Hivyo ndivyo ilivyonifika mimi nilipokwenda London kusomea sanaa ya vitambaa katika mwaka wa masomo wa 2021 hadi 2022. Nimeona niwasimulie walimu wenzangu pamoja na wanafunzi, hasa wale wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo, kwa maana kosa nililolifanya si langu peke yangu.

Usiku wa kuamkia safari, nyanya yangu aliniita chumbani kwake, huko Mombasa, akanikabidhi jozi ya leso. "Mjukuu wangu, uendako kuna baridi," akaniambia. "Jifunike, na uisome." Nyanya hakubahatika kwenda shule. Anaponunua leso katika maduka ya barabara ya Biashara humwomba muuzaji amsomee jina lake, na jina lisipomridhisha huirudisha hata kama rangi zake zang'aa namna gani. Nilimshukuru, nikaikunja leso na kuisukuma chini kabisa ya sanduku, juu yake nikalaza suti. Moyoni nilijiambia kwamba leso ni mambo ya akina mama. Mwanamume anayekwenda chuo kikuu cha Ulaya ana haja gani nayo?

Siku ya kwanza ya masomo nilivaa suti nyeusi, shati jeupe na tai. Ndivyo nilivyolelewa kuamini kwamba elimu huvaa. Nilipofika mlangoni, msichana mmoja aliniuliza kwa adabu kama ningeweza kumwonyesha chumba cha mikutano. Alinidhania kuwa bawabu. Punde si punde akaingia profesa wetu, mzee wa makamo, amevaa raba zilizochakaa na sweta iliyotoboka kiwiko. Darasa zima, ni mimi na bawabu halisi tu tuliokuwa tumefunga tai!

Tangu siku hiyo nikaanza kuyasoma mavazi ya watu wa mji ule kama mtu asomavyo lugha ngeni. Asubuhi, katika treni za chini ya ardhi, nilikuta makoti meusi, ya kijivu na ya buluu iliyokolea, kana kwamba abiria wote walikuwa wakienda kwenye mazishi mamoja. Ilinichukua muda kutambua kwamba baridi na mvua ndizo zilizokata mshono wa makoti yale, na kwamba wako matajiri wanaoona aibu kung'aa. Kila vazi lilikuwa na sababu yake. Asiyeijua sababu huiga ganda na kuliacha tunda.

Jambo jingine lililonishangaza ni maduka ya hisani. Watu hupeleka huko nguo wasizozihitaji, nazo huuzwa ili fedha ziwasaidie wagonjwa, maskini au watoto. Zile zisizopata mnunuzi huuzwa kwa uzani kwa wafanyabiashara, zikafungwa marobota, na nyingine huishia barani Afrika. Nilisimama mbele ya rafu moja nikayakumbuka masoko yetu ya Kongowea na Gikomba. Sisemi haya kwa kuwabeza wanaovaa mitumba. Viatu vilivyonipeleka shule vilitoka Kongowea, na wako vijana wetu wanaojua kuunganisha shati la robota hili na suruali ya robota lile wakapendeza kuliko walioanza kuzivaa. Nasema tu kwamba huo tunaouita mtindo wa Ulaya, mara nyingi ni ule ambao Ulaya yenyewe imekwisha kuuchoka.

Sasa niwapeleke kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Asili yake ni maonyesho makubwa ya bidhaa na sanaa yaliyofanyika London mwaka wa 1851. Mwaka uliofuata jumba hilo likaanzishwa kwa nia ya kuwafunza mafundi, wenye viwanda na raia wa kawaida ubunifu ulio bora. Kuingia ni bure. Nilikuta wanafunzi wa shule wameketi sakafuni, kila mmoja na penseli yake, wakichora vikombe, viti na magauni ya kale. Mwalimu wetu alitusimamisha mbele ya kitambaa cha William Morris kiitwacho Strawberry Thief, kilichobuniwa mwaka wa 1883. Kina picha ya ndege wanaoiba matunda ya stroberi, kwa kuwa Morris aliwaona ndege hao wakiiba bustanini kwake. "Alianza na kilichokuwa nje ya dirisha lake," akatuambia mwalimu. "Nyinyi je, nje ya dirisha lenu kuna nini?"

Akatupa zoezi. Kila mwanafunzi alete kitambaa cha kwao na aeleze kilitengenezwa wapi, huvaliwa na nani, na kinasema nini. Mimi sikusita. Nilikuwa na shati la kitenge lenye maua makubwa ya manjano, nililolishonesha mahususi ili niwaonyeshe wazungu Uafrika wangu. Nilisimama nikanena kwa ufasaha kuhusu asili yetu, fahari yetu na urithi wa mababu. Nilipomaliza, mwenzetu mmoja kutoka Indonesia aliinua mkono. Aliuliza, tena kwa upole, kama nilifahamu kwamba ufundi wa nta uliolizaa shati langu ulitokana na batiki ya kwao, kisiwani Java.

Sikufahamu. Ndipo nilipoelezwa kwamba katika karne ya 19 Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, na kwamba vitambaa hivyo vilipata soko kubwa na la kudumu Afrika Magharibi. Kampuni ya Vlisco, ambayo jina lake wanalijua wapenzi wengi wa vitenge, ilianzishwa mwaka wa 1846 mjini Helmond, Uholanzi. Hakuna aliyenicheka. Laiti wangalicheka! Ule ukimya wao ulinichoma zaidi.

Baadaye nilitambua kwamba aibu yangu haikuwa kitenge kutoka Uholanzi. Msanii Yinka Shonibare, aliyezaliwa London mwaka wa 1962 na kulelewa Lagos, alipokuwa mwanafunzi aliulizwa na mwalimu wake kwa nini hakuwa akichora sanaa ya Kiafrika halisi. Swali hilo lilimfanya akitazame kitenge upya. Akakigeuza kuwa chombo chake cha kuuliza nani ni halisi na nani si halisi. Niliiona kwa macho yangu kazi yake huko Greenwich: jahazi la kivita la Nelson ndani ya chupa kubwa, na matanga yake 37 yametengenezwa kwa vitambaa vya mapambo kama ya shati langu. Akina mama wa masoko ya Afrika Magharibi nao waliipa michoro ya vitenge majina na maana zao wenyewe, hata kitambaa cha mgeni kikawa mwenyeji. Tofauti kati yao na mimi ni moja: wao walikijua walichokivaa.

Usiku ule nililifungua sanduku langu hadi chini. Leso ya nyanya ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Niliitandaza kitandani nikaitazama kama nilivyofunzwa kutazama kila kitu isipokuwa vitu vya kwetu: pindo lake jeusi lililoizunguka kama ua la nyumba, mji wake mwekundu wenye chombo kilichotweka tanga, na chini ya chombo, jina. Nikalisoma: USISAHAU UBAHARIA KWA SABABU YA UNAHODHA.

Wasomaji wapenzi, niliona haya. Nyanya alikuwa amenipigia simu mwezi wa kwanza tu akaniuliza, "Leso umeisoma?" Nami nikamjibu, "Nimeisoma, nyanya." Akasema "haya," tukaendelea na habari nyingine. Basi nilingoja hadi kwao kupambazuke nikampigia, nikamkiri kwamba nilimdanganya. Wala hakukasirika. "Nilijua," akasema. "Ungeisoma ungenijibu."

Maneno hayo matatu yalinifunza zaidi ya mihadhara mingi. Leso ni usemi, na usemi hungoja jibu. Akina mama wa pwani hushukuru kwa leso, huonya kwa leso, na hata hugombana kwa leso bila ya kufungua kinywa. Mji mmoja na ninaokaa, nyuma ya vioo, Makumbusho ya Uingereza yalikuwa yamehifadhi leso za Afrika Mashariki, huku mimi niliyekuwa nayo sandukuni nikiiona upuuzi.

Juma lililofuata niliomba kurudia zoezi. Nilieleza kwamba hata leso ni msafiri: jina lake lina asili ya Kireno, hapo kale ilitokana na vitambaa vya mkononi vilivyoshonwa pamoja, majina yake yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu kabla ya hati ya Kirumi, na kwa miaka mingi ilipigwa chapa India, Ulaya na Japani kabla ya viwanda vya kwetu kuanza kuitengeneza. Hata hivyo, maneno yaliyo juu yake yalikuwa yetu. Yule mwenzetu wa Indonesia aliniomba nimfundishe kulitamka jina lile.

Ama kwa hakika, sikuwa wa kwanza kuyaona ya kwetu nikiwa kwa watu. Mfinyanzi mashuhuri Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, alikwenda Uingereza mwaka wa 1971 kusomea sanaa ya michoro. Huko ndiko alikokutana na udongo. Kisha akaenda Abuja, Nigeria, akafunzwa ufinyanzi wa mkono na akina mama wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, kabla ya kurejea Uingereza na kuhitimu katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mwaka wa 1982. Leo vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Alisoma ng'ambo, lakini hakuidharau mikono ya wanawake wa Afrika kwa kuwa haikushika cheti.

Hebu sasa tujiulize sisi walimu. Mtoto wa Kenya anaweza kumaliza shule bila hata siku moja kuulizwa nguo aliyoivaa mama yake inasema nini. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, sanaa na ufundi vilikuwa na nafasi katika shule za msingi. Baadaye nafasi hiyo ikapunguzwa. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, nalo ni jambo jema. Lakini wako wazazi, na hata walimu, wanaosema kwamba njia hiyo ni ya walioshindwa na hesabu. Wengine watauliza, darasa lisilo na madawati litapata wapi rangi na turubai?

Jibu langu ni kwamba somo hili halihitaji turubai. Kila mtoto ana kitambaa nyumbani: leso, shuka, kikoi, kiondo cha bibi au hata fulana ya mtumba. Na akilete, aulizwe maswali yale matatu niliyoulizwa mimi. Mwalimu wa Kiswahili atapata methali na mafumbo katika majina ya leso. Wa historia atapata biashara ya Bahari Hindi. Wa sanaa atapata rangi na mizani. Mwaka wa 2004 tulibuniwa vazi la taifa likazinduliwa kwa shangwe, lakini wangapi wetu wanalo? Vazi haliingii mwilini kwa shangwe. Huingia kwa mazoea na kwa kueleweka.

Nanyi mnaokwenda ng'ambo, vaeni koti, maana baridi haina itikadi. Ingieni makumbusho, tazameni, chora­ni, igeni lililo jema. Lakini kabla ya kufunga sanduku, someni mlichotiliwa ndani.

Niliporudi nilimletea nyanya kitambaa cha shingo chenye wale ndege wa Morris. Alikigeuza upande huu na upande ule, akilitafuta jina asilione. "Kizuri," akasema, "ila mbona hakisemi?" Nikamsimulia habari za bustani, matunda na wale wezi wenye mabawa. Akacheka hadi akajifuta machozi kwa pembe ya leso yake.

"Kumbe chasema," akaniambia. "Kilikosa tu wa kukisomea."