Mrufiji ni Nani?

Mtu aliyezaliwa Nyamisati, penye gati la kupandia vyombo viendavyo Mafia, akiulizwa kabila lake huko Dar es Salaam aghalabu hujibu kwamba yeye ni Mrufiji, na jawabu hilo likatosha. Walakini akiwa kwao, ambako kila jirani ni Mrufiji kwa kuwa wote wanywa maji ya mto mmoja, Rufiji, hana budi kufafanua kama ni Mnyagatwa wa delta, au Mndengereko wa vilima vya Kibiti penye mihogo na mikorosho, au Mmatumbi ambaye babu zake walitoka kusini. Wala hakusema uongo popote.

Mtu angedhani kuwa kazi ndiyo ipambanuayo, maana Mnyagatwa hulima mpunga palipofyekwa mikoko, na wakati wa kuamia ndege huhamia dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yakijaa yapite chini yake. Lakini Mndengereko naye huteremka bondeni, akalima mpunga uo huo na kulala katika dungu lake. Ndiyo maana Fredrik Barth, mtaalamu wa Norway, alishikilia katika mwaka 1969 kwamba kabila halifanywi na shehena ya mila liliyoibeba, bali na mpaka ambao watu wenyewe huuweka baina yao na jirani zao.

Serikali nayo ina sehemu yake. Gavana Donald Cameron, alipoisimamisha Tanganyika juu ya utawala wa wenyeji katika miaka ya 1920, alitaka kila kundi liwe na kabila na mkuu wake, na mwanahistoria John Iliffe ameonyesha jinsi makabila mengi yalivyopata umbo imara kwa amri hiyo kuliko kwa nasaba.

Ama mbari, kwa maana ya rangi, msingi wake ni dhaifu zaidi. Mwanabiolojia Richard Lewontin alipopima tofauti za kurithi katika mwaka 1972, aliona kwamba kiasi cha asilimia 85 zimo baina ya watu wa jamii moja. Na mifupa ya kale ya pwani yetu, Kilwa ikiwamo, iliyochunguzwa na matokeo yake kutolewa mwaka 2023, ilidhihirisha kwamba wengi wa waliozikwa huko walikuwa na damu ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Uajemi kwa upande wa baba, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Nani basi atamkatia mtu wa pwani rangi moja?

Taifa ni jambo la sheria na hiari. Mwezi Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Nyerere alikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Na tangu sensa ya mwaka 1967 hakuna raia aliyeulizwa kabila na makarani wa sensa. Basi atakayekutajia idadi ya Wandengereko leo, jua anakisia.