Elimu ya Setelaiti na Vijana wa Ngumbo

Tangu Julai 1972, Wamarekani waliporusha setelaiti ya kwanza ya jamii ya Landsat, elimu ya kuitazama ardhi kutoka mbali imekuwa ikipanuka mwaka baada ya mwaka, hata leo ufuko wa Ngumbo, kandoni mwa Ziwa Nyasa, na milima ipandayo nyuma yake kuelekea Umatengo hupigwa picha kutoka angani kila baada ya siku chache, ilhali wenyeji walio wengi hawana habari. Chombo kile hupokea nuru inayorudi kutoka ardhini, pamoja na mionzi isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu, ambayo jani bichi huirudisha kwa wingi na jani lililonyauka huirudisha kwa uchache. Kwa njia hiyo mtafiti aketiye Morogoro aweza kujua msitu upi umepungua na shamba lipi limekauka.

Zamani picha hizo zilikuwa za kununuliwa kwa fedha nyingi. Mwaka 2008 hazina ya Landsat ilifunguliwa bure kwa walimwengu wote, na mwaka 2015 Ulaya ikarusha Sentinel-2, ambayo mraba wake mdogo kabisa una mita 10 kila upande. Picha zimejaa tele. Wasomaji wake ndio haba.

Nao usomaji wenyewe una mitihani yake. Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, hulima ngoro kwenye miteremko mikali: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi zile, likabaki shimo lililozungukwa na matuta manne, ambamo maji ya mvua hutuama badala ya kukimbia na rutuba, na nyasi zikaoza ziwe mbolea ya maharage na mahindi. Upande mmoja wa shimo aghalabu haupiti mita mbili. Mraba wa Landsat una mita 30 kwa 30. Mashimo zaidi ya 200, basi, hufichika ndani ya nukta moja ya rangi! Kadhalika kahawa iliyo chini ya miti huweza kudhaniwa kuwa msitu. Maadam ni hivyo, mtafiti hana budi kupanda mlima kwa miguu, kifaa cha GPS mkononi, ahakiki shamba kwa shamba, na kwa rai yangu hapo ndipo ilipo heshima ya kazi hii.

Mlango wake ni jiografia, fizikia na hisabati shuleni, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi au Sokoine, ambacho wanazuoni wake walishirikiana na wenzao wa Kyoto, Japani, kuchunguza kilimo cha Wamatengo. Nairobi nayo ina kituo cha kanda cha taaluma hii tangu 1975. Wahitimu huhitajiwa katika misitu, mabonde ya maji, na uvuvi.

Katika uvuvi kijana wa Ngumbo ana hazina asiyoijua. Upepo wa mwera huvuruga ziwa na kupandisha virutubisho kutoka kilindini. Setelaiti husoma mabadiliko hayo kwa joto na rangi ya maji ya juu, lakini samaki wadogo waitwao usipa haiwaoni. Mvuvi aliyekesha na karabai yake ndiye ajuaye ni usiku upi walipatikana na upande gani, na mtafiti awezaye kumwamkia mzee huyo kwa lugha ya nyumbani ataandika tarehe na mahali, kisha avilinganishe na picha za juma lile lile.